Lipu Newala, mwenye nyumba anataka kulipa "korosho zikiuzwa": mkataba ukaaje?

FundiShangani: Wakuu, kuna boma la vyumba vitatu Newala, kazi ni lipu ndani na nje. Vifaa vya mwenye nyumba, mimi ufundi na vibarua. Natokea Mtwara mjini. Anataka bei ya jumla, alipe korosho zikiuzwa. Niandike nini nisije nikaumia?

Mizani_Lindi: Bei ya jumla achana nayo. Pima kuta, toa milango na madirisha, toza kwa mita ya mraba. Mfuko wa saruji wa kilo 50 na mchanga ndoo saba za lita 20 (saruji moja kwa mchanga nne) unapiga mita za mraba 9 hivi kwa unene wa milimita 15. Ukuta ukiwa na mabonde unene unafika 25, mfuko unaishia mita 5 na nusu, na siku zinaongezeka huku vibarua wanakula. Vuta uzi kona hadi kona uone mabonde, ndipo utaje bei.

Halafu maji! Kule Newala juu maji ni ya kununua. Mfuko mmoja unakunywa dumu la lita 20 moja na nusu hadi mawili kwenye kuchanganya tu. Bado kulowesha ukuta kabla, na kumwagilia siku saba baadaye. Andika kwamba maji na umwagiliaji ni juu yake. Usipoandika, lipu ikipasuka kwa kukauka haraka utaambiwa umelipua kazi.

BiSaiti: "Korosho zikiuzwa" si tarehe. Wakulima wakiigomea bei mnadani, mnasubiri mnada mwingine, kisha hela ipite chama cha msingi (ushirika wa wakulima) mpaka benki. Weka tarehe ya kalenda. Asilimia 40 kabla hujapanda gari (nauli, chakula, vibarua wa wiki ya kwanza), 40 ndani ikiisha, 20 mkikabidhiana. Msaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

FundiShangani: Na kodi ya zuio, ile anayokata mlipaji kabla ya kukupa hela, huyu mwenye nyumba naye anakata?

Mizani_Lindi: Mtu binafsi kwenye nyumba yake ya kuishi hakati. Kampuni ndiyo inakata asilimia 5 ya ufundi. Hapo dai cheti cha zuio, bila hicho TRA (mamlaka ya mapato) hawakutambui kwamba umeshakatwa.

FundiShangani: Maji sikuyahesabu kabisa. Kesho narudi na uzi na futi.