Tupeane uzoefu: uliyewahi kuwa karibu na pesa ya timu huku Dodoma na Singida, ilitoka wapi na ikaishia wapi?

Mzee wa Kizota:
Wakuu, habari za jioni. Kila tukianza kuongelea ligi yetu, haichukui muda Simba na Yanga wameshaanza kurushiana maneno na mada imekufa. Leo naomba tubaki na timu zetu hizi za kanda ya kati.

Tangu 2021, Azam Media waliposaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi kwenye televisheni kwa Sh225.6 bilioni, tunaambiwa ligi ina pesa. Ni kweli, huwezi kulinganisha na msimu wa 2018/19, timu 20 na mdhamini mkuu hakuna. Timu nazo zikapunguzwa, 18, kisha 16 kuanzia 2021/22. Lakini bado kila msimu utasikia timu imefungiwa kusajili, nyingine wachezaji wamegoma mazoezi, nyingine imeuzwa na kuhamia mkoa mwingine. Maana yake shida si uchache wa pesa peke yake.

Nataka tuwasikie waliokuwa ndani: mweka hazina, mchezaji, mtu wa getini, hata mama lishe wa uwanjani. Kwenye malalamiko usitaje timu wala mtu. Simulia yaliyokukuta.

Gunia la Kibaigwa:
Mimi nilikuwa mweka hazina wa timu ya ligi ya mkoa, nakaa karibu na soko la mahindi. Mfadhili wetu hakuwa kampuni. Walikuwa wafanyabiashara wa sokoni, na wengi hawakutoa hela taslimu, walitoa gunia. Kwenye daftari langu utakuta "fulani, gunia moja, fulani, debe mbili, fulani, ameahidi." Safu ya walioahidi ndiyo ilikuwa ndefu. Mahindi yakishapokelewa tunasubiri bei ipande kidogo, tunauza, ndipo tunalipa Coaster. Wiki ambayo bei imelala, timu inasafiri na deni la dereva.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule tukawa mabingwa wa mkoa. Mji mzima shangwe, vijana wamebebwa juujuu. Mimi usingizi ukakata, kwa sababu bingwa wa mkoa anakwenda kwenye ligi ya mabingwa wa mikoa, ambako mnapangiwa kituo mkoa mwingine na mnakaa huko mpaka mtolewe. Malazi juu yenu, chakula juu yenu, nauli juu yenu. Zawadi ya ubingwa haikufikia hata nusu ya bei ya gari. Tulilala kwenye darasa la shule, wachezaji wakala ugali na maharage mchana na usiku, na beki wetu wa kulia alicheza na njumu alizoazimwa na kipa wa akiba, zimemzidi, kajaza soksi kwa mbele. Tukatolewa hatua ya makundi.

Mpira wetu ukipanda daraja gharama zinapanda siku hiyohiyo, mapato yanakuja baadaye kama yatakuja. Hizo bilioni za televisheni sisi wa chini tunaziangalia kwenye kibanda umiza, tena kwa kulipa kiingilio.

Winga Teleza:
Gunia umenikumbusha mbali. Mimi nimecheza ile ligi iliyokuwa Daraja la Kwanza, siku hizi Championship. Nilisaini miaka miwili. Pesa ya usajili nikapewa nusu, nyingine "tukianza ligi". Mishahara ilikuja vizuri hadi mzunguko wa kwanza unaisha. Tulipofungwa mechi tatu mfululizo na ndoto ya kupanda ikafa, mfadhili akaacha kupokea simu. Timu nzima ilikuwa mfukoni mwa mtu mmoja, naye kachoka.

Tulikuwa na mgeni mmoja kutoka Afrika Magharibi. Yeye hakupiga kelele. Alitafuta mwanasheria, akaandika barua ya madai, akaondoka, kesi ikaenda FIFA. Kanuni inasema ukidai mishahara ya miezi miwili unaipa klabu taarifa ya siku 15, wasipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Klabu ikafungiwa kusajili, na dirisha lilipokaribia pesa yake ikapatikana haraka sana! Sisi wazawa tulikuwa tumeenda kwa mwenyekiti kwa heshima, tukaambiwa tuwe wavumilivu, sisi ni watoto wa nyumbani.

Mzee wa Kizota:
Winga, na wewe hukupeleka kesi TFF? Si kuna Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji?

Winga Teleza:
Nilipeleka, mzee wangu. Nakala ya mkataba nilikuwa sina, ilibaki ofisini kwao. Wadogo zangu mnaosoma hapa, msitoke kwenye chumba cha kusaini bila nakala yenu.

Mama Alizeti:
Shikamooni wakubwa. Mimi niko Singida, nauza kuku wa kienyeji na vinywaji siku za mechi nje ya uwanja wa Liti, tangu enzi ukiitwa Namfua. Hesabu ya klabu siijui, ila jina la timu nimebadilishiwa mpaka nimezoea.

Singida United ilipanda 2017 na wadhamini kibao, kocha Hans van der Pluijm. Mwaka 2018 wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, Mtibwa wakashinda 3-2. Mwaka 2020 wakashuka. Miaka miwili tu! Halafu 2022 ikaja Singida Big Stars, iliyokuwa ikiitwa DTB, msimu wa kwanza ikamaliza ya nne. Mwaka uliofuata ni Singida Fountain Gate. Uliofuata tena Fountain Gate imekwenda Babati bila Singida kwenye jina, na Ihefu ya Mbarali ikaja huku ikawa Singida Black Stars. Kijana wangu aliacha kuuza skafu zenye majina, anauza vuvuzela na bendera ya taifa.

Sisemi wenye pesa wasije, waje. Siku Simba au Yanga wakija napika mara tatu ya siku zote. Ila mtoto wa hapa atapenda timu gani kwa miaka kumi mfululizo? Na watu wa Mbarali je, walioamka timu yao haipo? Nafasi ya kwenye ligi ingekuwa na masharti: ukinunua timu, inabaki kwa watu wake miaka kadhaa, au unaanzia chini kama wenzako.

Geti Namba Mbili:
Marahaba, mama. Mimi nimefanya kazi getini, tangu tiketi za vishina hadi hizi kadi za kielektroniki za N-Card. Tuweke hesabu ndogo. Tiketi ya Sh5,000, VAT ya asilimia 18 imo humo humo, kwa hiyo kama Sh763 zimeondoka kabla hujafungua mdomo. Bado uwanja, TFF, bodi ya ligi, chama cha mkoa, ulinzi, gari la wagonjwa. Mechi ya Jumatano saa kumi dhidi ya timu isiyo na mashabiki, nimeshuhudia mwenyeji akiongeza pesa yake ili mechi ichezwe.

Halafu viwanja vingi vya mikoani, Jamhuri ya hapa Dodoma ikiwemo, ni mali ya CCM. Klabu ni mpangaji. Mpangaji hawezi kujenga fremu za maduka ukutani wala kuuza mabango ya mwaka mzima. Atapata wapi pesa siku ambazo hakuna mechi?

Karani wa Masijala:
Nichomekee kidogo la timu za halmashauri, niliwahi kuwa karibu na moja (si lazima iwe mnayoifikiria). Watu wanadhani timu ya halmashauri haiwezi kulala njaa. Inalala. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, ligi haifuati kalenda hiyo. Dirisha la usajili linapofunguliwa bajeti mpya ndiyo kwanza inaanza, makusanyo hayajaingia. Kocha anataka mshambuliaji leo, malipo yanataka saini tano na mfumo uwe hewani.

Na madiwani wana haki ya kuuliza. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nne, nne, mbili. Sisi tulikuwa tunasema huo ndio mfumo pekee wa 4-4-2 ambao halmashauri inauelewa. Baada ya hapo kuna zahanati, kuna madarasa, ndipo mshahara wa kipa. Dawa ni timu kuwa na kampuni na akaunti yake, halmashauri ibaki mwanahisa.

Mtani wa Ihumwa:
Mimi nasema timu za Ligi Kuu zirudi 20. Vijana wanakosa nafasi.

Geti Namba Mbili:
Timu 20 ni mechi 38, safari 19. Timu 16 ni mechi 30, safari 15. Hizo safari nne za Bukoba na Kigoma utalipa wewe?

Mtani wa Ihumwa:
Treni ya SGR ipo mkuu 😂 Dar–Dodoma 31,000 daraja la kawaida, tangu 2024.

Geti Namba Mbili:
Inafika Bukoba?

Mzee wa Kizota:
Hahaha, tusitoke njiani. Ninachokiona mpaka sasa: leseni ya klabu inakagua uwanja na makocha, ila mfuko haukaguliwi kwa ukali huohuo. Mngekuwa bodi ya ligi mngeanza na lipi?

Winga Teleza:
Mishahara ya nusu msimu iwekwe benki kabla ya ratiba kutoka. Huna, hushiriki. Agosti 2023 Kitayosce ya Tabora ilianza Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane kwa sababu ya mambo ya usajili. Wakafungwa nne, wakapungua, mechi ikavunjika kabla hata ya mapumziko. Ligi Kuu hiyo! Bora kuzuiwa Julai kuliko kuaibika Agosti.

Gunia la Kibaigwa:
Na kwenye pesa ya televisheni likatwe fungu la nauli na malazi ya mabingwa wa mikoa. Si lazima tupewe mkononi, walipe gari na hosteli moja kwa moja.

Mama Alizeti:
Gunia, timu yenu bado ipo?

Gunia la Kibaigwa:
Ipo mama, vijana wazuri kuliko wale wa kwanza. Tumekaa kikao na wafanyabiashara wa sokoni, wamekubali kuendelea kutoa magunia kwa sharti moja: tucheze ligi, tushinde, ila ubingwa tuwaachie wengine.

Mzee wa Kizota:
Sharti hilo mmelikubali?

Gunia la Kibaigwa:
Kocha bado hajaambiwa.