Tela la kulala limekaa juani Ilazo, Dodoma, naanzia wapi kabla ya kwenda Matema?

MkaziWaIlazo
Wakuu, mbukwenyi. Nimenunua tela la kulala la Kiingereza, lenye vitanda, sinki na jiko la gesi, kwa mzungu aliyekuwa anamaliza mkataba wake hapa mjini. Lilikaa muda mrefu nyuma ya nyumba, jua linalipiga kutwa. Karatasi zake zinasema likiwa na mzigo lisizidi kilo 1,200, na nitalivuta kwa Prado. Desemba shule zikifungwa nataka kuipeleka familia Matema, Ziwa Nyasa. Mama watoto ameshashona mapazia, mimi naulizia friji ya betri. Tairi meno yote yapo. Kuna kingine cha kufanya? Na nipite Iringa au nikate Itigi, Rungwa, Chunya?

FundiKizota
Mkuu, friji iache kwanza. Kwa kuwa tela halina injini, watu hudhani halina cha kuharibika.

Hayo meno yasikudanganye. Angalia ubavuni mwa tairi palipoandikwa DOT, mwishoni utakuta tarakimu nne. Ukikuta 2311, hiyo imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi ya tela haimalizwi na lami, inamalizwa na uzee na jua, tena ikiwa imelalia sehemu ile ile. Ikiwa na nyufa ubavuni, tupa, hata kama meno ni ya dukani. Nunua za mizigo, zenye herufi C baada ya saizi, na spea iwe ya saizi hiyo hiyo. Spea ya Prado haitakusaidia huko nyuma.

Halafu beringi, na hapa ndipo nagombana na wateja. Anakuja mtu, anataka nipake grisi kwa juu, aondoke. Hapana. Gurudumu litoke, beringi itoke, ioshwe kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, ikauke. Zungusha kwa kidole karibu na sikio: ikikwaruza, au ukiona roli zina madoa ya bluu, imeshaungua, nunua mpya. Ikiwa nzima, weka grisi kiganjani, uigandamize beringi ukingoni mwa kiganja mpaka grisi itokeze upande wa pili, kati ya roli na roli. Sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke, weka mpya. Nati kaza huku unazungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, kisha ilegeze kidogo, na pini uweke mpya, usirudishe ile ya zamani. (Kuna tela zenye beringi za kufungwa kiwandani, hizo hazijazwi grisi, hubadilishwa nzima. Fundi akifungua kifuniko cha mbele atajua.)

Siku ya safari, ukifika Mlowa Barabarani simama ukaze nati za magurudumu, maana zikishafunguliwa hulegea kilomita za mwanzo. Kila ukisimama, sogeza mgongo wa mkono kwenye kikombe cha katikati ya gurudumu. Vuguvugu sawa. Kikikuunguza, usiendelee.

MamaMapacha
Desemba ni mvua, kaka, kwa hiyo paa nalo. Mwekee mtu tochi ndani, wewe rusha maji ya mpira juu, hasa kwenye maungio na pembeni mwa madirisha. Kabla ya hapo bonyeza kuta kwa dole gumba ndani ya makabati. Pakibonyea, mbao imeoza huko ndani na silikoni ya juu haitatibu. Mpira wa gesi nunua mpya, viungio upake povu la sabuni uone kama vinavuja. Valvu ya mtungi ifungwe gari linapotembea.

DerevaMstaafu
Pita Iringa. Rungwa uiache kwa safari isiyo na tela: vumbi kiangazi, tope masika, na ndorobo (mbung'o) hufuata chochote kinachotembea. Iringa ni lami mwanzo mwisho, Mtera utapata perege wa kukaanga. Baada ya Migori kuna mlima Nyang'oro na kona zake, panda taratibu ukitazama joto la injini. Kurudi ndiyo kazi: tela linakusukuma. Weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, usisubiri breki zinuke.

MkaziWaIlazo
Asanteni sana. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinakonyeza. Na mzigo niuweke nyuma, kwenye nafasi kubwa?

FundiKizota
Taa kucheza muziki hivyo ni ethi, waya wa kurudishia umeme. Fungua plagi ya pini saba, waya mweupe usugue mpaka shaba ing'ae, uukaze.

Mzigo mzito nyuma hapana! Maji, mtungi, maboksi ya chakula, vyote sakafuni juu ya ekseli. Juu makabatini weka nguo na mikate. Kisha chukua mzani wa kupimia uzito wa mtu, simamisha gogo juu yake, ulaze kichwa cha tela juu ya gogo. Kwa kilo 1,200 nataka usome 60 hadi 85. Pungufu ya hapo, ukifika mwendo wa 80 mkia utaanza kupepea. Ukipepea, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu.

MkaziWaIlazo
Nimeelewa. Kuna kebo nyembamba ya chuma inaning'inia pale mbele, nimeikunja nikaifunga kwa waya isiburuze. Ni ya nini?

FundiKizota
Ifungue huo waya leo. Kebo hiyo imeunganishwa na hendibreki ya tela. Ncha yake uifunge kwenye chuma cha Prado chenyewe, siyo kuizungushia ile tufe ya chuma ya kuvutia. Tela likichomoka, inavuta hendibreki kwanza, ndipo inakatika.