Natokea Tabora, nataka kusomea dansi mpaka shahada, baba mkubwa hataki. Naombeni ushauri

Binti_Isevya

Wakuu, habari za mchana. Nimemaliza kidato cha sita, HKL, nina C ya Kiswahili, D ya Historia na E ya Kiingereza. Nataka kusomea dansi. Kuisoma kabisa, darasani, mpaka shahada.

Anayenisomesha ni baba mkubwa, mkulima wa tumbaku Urambo. Mzee ni mwema, sina cha kumlaumu. Nilipomweleza alinyamaza, akaweka kikombe chini: "Mwanangu, niuze marobota ya tumbaku ukasomee kucheza? Kucheza si kila mtu anajua?" Nikakosa jibu. Yeye anataka ualimu.

Aliyenitia moto ni bibi, yuko Sikonge. Likizo iliyopita alinifundisha ngoma ya manyanga, vile vibuyu vyenye mbegu vya kutikisa. Nilidhani mkono ndio unaongoza. Akainama, akanishika kifundo cha mguu, akaniambia nisitikise chochote kwanza. Mguu unakanyaga, ndipo manyanga yanaitikia, na katikati kuna upenyo mdogo sana. Ukiupoteza, ngoma nzima inalala. Nilihangaika nao jioni nzima. Tangu siku ile najiuliza: vitu kama hivi nani anaviandika, na vinaandikwaje? Bibi ana miaka 81.

Inasomewa wapi? Mkopo upo? Nikimaliza nafanya kazi gani? Natanguliza shukrani.

Mzazi_Cheyo

Binti, mimi ni mzazi, nitasema kama mzazi. Baba yako mkubwa hachukii ngoma. Anaogopa urudi na cheti halafu ukae barazani. Chukua ualimu, ngoma utacheza jioni. Nimesomesha watatu, naijua hofu yake.

Mwana_Bagamoyo

Mzazi, shikamoo. Naheshimu ulilosema, ila ngoma ya jioni haimtoshi mtu mwenye swali kama la huyu binti.

Nimesoma TaSUBa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, baada ya vikundi vya sanaa vya taifa kuvunjwa, kikawa TaSUBa mwaka 2007. Pale unapata astashahada na stashahada, na ngoma haikai peke yake: kuna muziki, maigizo, sarakasi, sanaa za ufundi. Mimi ni mtu wa Lindi. Nilikaa wiki nzima kwenye hatua moja ya ngoma ambayo si ya kwetu, mwalimu ananirudisha nyuma kila nikidhani nimeipata. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa naijua ngoma ya kwetu kwa mazoea tu.

Ukitaka shahada baadaye, stashahada yenye GPA (wastani wa alama) kuanzia 3.0 inakufungulia mlango wa chuo kikuu. Ni njia ndefu lakini ni imara, na mwili unakuwa umeiva.

Dada_Mlimani

Kwa matokeo yako huna haja ya kuzunguka. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inataka principal mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa kiwango kamili, zenye jumla ya pointi 4. C na D zako ni pointi 5. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa Bunifu. Dansi tafuta ndani ya sanaa za maonyesho, usisubiri kuona shahada yenye jina lake peke yake. Kwa kuwa ni shahada, unaweza kuomba mkopo Bodi ya Mikopo. Bumu, yaani hiyo pesa ya mkopo, halitamaliza kila kitu, ila litampunguzia mzee mzigo.

Sasa lile swali lako. Dansi inaandikwa. Mtunzi wa dansi Rudolf Laban alichapisha mfumo wake wa kuiandika mwaka 1928. Ukurasa unasomwa kutoka chini kwenda juu; mstari wa katikati ni uti wa mwili, kushoto ni upande wa kushoto, kulia ni kulia. Umbo la alama linaonyesha mwelekeo, urefu wake unaonyesha muda. Ule upenyo wa bibi yako, kati ya mguu na manyanga, unaweza kuandikwa hapo. Niliposoma habari yako nilisisimka, maana wengi wetu tulifika chuoni bila hata swali.

Na mwambie baba mkubwa kwamba shahada ya dansi si jambo la jana. Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilianzisha ya kwanza mwaka 1926, na Margaret H'Doubler aliyeisimamia alikuwa mwalimu wa michezo. Kwenye shahada kama hizo watu husoma anatomia, historia, koreografia (utunzi wa dansi) na namna ya kufundisha.

Goti_Bovu

Naongeza moja tu. Usifanye mazoezi ya kuruka kwenye sakafu ya saruji. Studio nzuri zina mbao zinazonesa kidogo, zinapokea uzito badala ya goti lako. Mimi nilirukia saruji miaka minne na leo ngazi nazipanda kwa kushika ukuta. Kama huna mbao, kacheze kwenye udongo kama bibi.

Mwana_Bagamoyo

Kweli kabisa. Kuhusu kazi, nisikudanganye: ajira ya moja kwa moja ni chache. Wenzangu wanafundisha, wanatunga dansi za matamasha na video, wengine wako kwenye miradi ya vijana. Ila mtaala mpya wa sekondari umeingiza sanaa kwenye mkondo wa amali, ule wa kujifunza ujuzi wa kazi, na masomo hayo yatahitaji walimu. Kwa hiyo ualimu anaoutaka mzee na dansi unayoitaka wewe vinaweza kukaa nyumba moja.

Mzazi_Cheyo

Hilo la amali sikuwa nimeliwaza. Binti, kamweleze mzee hivyohivyo, lakini nenda Urambo mwenyewe. Usimpigie simu.

Binti_Isevya

Wakuu, nimerudi. Nilienda Urambo Jumamosi. Nilimweleza habari ya amali, na ya maandishi yanayosomwa kutoka chini. Aliniuliza kama manyanga ya mama yake nayo yanaweza kuandikwa hivyo. Nikamwambia ndiyo. Hajasema ndiyo wala hapana; amesema aletewe orodha ya masomo, aisome mwenyewe kwa miwani yake.

Dada_Mlimani, naipata wapi?

Dada_Mlimani

Ipo kwenye tovuti ya chuo, ila nitakutumia iliyopangwa mwaka kwa mwaka, aione vizuri. Iprinti kwa herufi kubwa. Na wakati dirisha la udahili halijafunguliwa, rudi Sikonge na simu yenye chaji. Mrekodi bibi miguu kwanza.