Video ya mtazamaji kuchagua njia: klipu ngapi, na kwa nini YouTube haitoi vitufe?

Kibatari
Wakuu, natengeneza video ya kuelimisha kuhusu utapeli wa simu, ule wa "ile hela itume kwenye namba hii". Mtazamaji anakaa nafasi ya mama mwenye duka: ujumbe unaingia, anaamua atume au apige kwanza aulize. Maamuzi yapo matatu, kila moja lina njia mbili. Kamera ni ya simu, na walengwa wengi wana bando dogo. Nimekwama pawili. Klipu zinazidi kuongezeka kila nikichora ramani, je, ni lazima? Na pia skrini ya mwisho ya YouTube (end screen, ile inayoweka viungo vya video nyingine mwishoni) haitoi vitufe kwenye klipu zangu. Maelekezo ya zamani yanataja maandishi ya kubofya katikati ya video, siyaoni popote.

Kitasa
Mkuu, ukiacha kila njia iende zake, hesabu ni 1+2+4+8: klipu 15, miisho 8, na mtazamaji anaona klipu 4 tu. Zikutanishe njia. Klipu A inagawanyika B1 na B2, zote zinaingia C. C inagawanyika D1 na D2, zote zinaingia E. E inatoa F1 na F2. Hizo ni klipu 9, na maamuzi yamebaki matatu. Mbinu yenyewe ya kale: kuna sinema ya Chekoslovakia iliyoonyeshwa Montreal mwaka 1967, watazamaji wakapiga kura kwa vitufe vya kwenye viti, na njia zake zilikuwa zikikutana tena baada ya kura.

Kazi kubwa iko kwenye hiyo C. Kwenye B1 mama ameshatuma hela, kwenye B2 hajatuma. Tapeli akipiga simu na kusema "asante kwa ile hela", aliyechagua B2 atashangaa. Akisema "mama, ule ujumbe umeuona?", inakaa pande zote mbili. Salio lisionekane kwenye C. Halafu ukipiga picha ya skrini ya simu, kata ule mstari wa juu wenye saa na chaji. La sivyo B2 itaishia saa 4:12, C ianze saa 4:05, na watu wataona tu.

Kasoro ya mpango huu ni kwamba mwisho unategemea uamuzi wa tatu pekee. Kwa mada ya utapeli ningeifanya D1 iwe shimo: mama ametaja namba ya siri, hela imekwenda, na kitufe kilichobaki ni kimoja cha kurudi C. Hapo uamuzi wa pili unauma kweli.

Ramani ichore kwenye Twine, programu ya kuandika hadithi za kuchagua njia, ni ya bure. Unaandika [[Piga uulize->B2]] na mshale unajichora. Jaribu hadithi yote kwa maandishi kabla hujawasha kamera.

Nyuzi47
Nijibu la YouTube. Yale maandishi ya kubofya yaliondolewa: kuyaongeza au kuyahariri kulisitishwa 2017, na Januari 2019 hata yaliyokuwepo yakaacha kuonekana. Kilichobaki ni skrini ya mwisho, nayo ina masharti. Video iwe na sekunde 25 au zaidi. Skrini yenyewe inachukua sekunde 5 hadi 20 za mwisho, na haizidi vipengee 4. Ukiweka alama kwamba video ni ya watoto, haipatikani kabisa.

Pakia klipu zote kwanza, A ikiwa ya wazi na nyingine "hazijaorodheshwa", ili mtu asiangukie F2 kabla ya A. Ndipo uanze kuunganisha: chagua kipengee cha video, kisha video mahususi, bandika kiungo. Kitufe atakachokiona mtazamaji ni kijipicha (thumbnail) cha klipu inayofuata. Kwa hiyo kijipicha cha B1 kiandike TUMA na cha B2 PIGA UULIZE, herufi nene, maneno yasizidi matatu.

Sekunde 12 hivi za mwisho rekodi mama akiitazama simu tu, anapumua, dukani kunaendelea kelele za kawaida. Usigandishe picha, watu hudhani intaneti imekata. Na usizipange klipu kwenye orodha moja ya kucheza: asiyechagua atapelekwa B1 kisha B2 mfululizo, hadithi itavurugika.

Bi_Mkasi
Ukitaka vitufe vyako mwenyewe, weka kwenye tovuti yako. HTML na JavaScript kidogo, lugha za kuundia kurasa za wavuti, vinatosha: klipu ikitoa tukio la `ended`, onyesha vitufe viwili; kikibofywa, badilisha `src` ya elementi ileile ya video na uite `play()`. Weka `playsinline` kwenye elementi hiyo ya video, bila hiyo iPhone inafungua video skrini nzima na vitufe vyako vinabaki nyuma.

Kila klipu ipitishe kwenye ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri za maandishi:

`ffmpeg -i A.mov -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -b:v 600k -c:a aac -b:a 64k -movflags +faststart A.mp4`

Dakika moja inakuwa kama MB 5. `libx264` inageuza video kuwa H.264, kwa sababu simu nyingi mpya hurekodi H.265 (njia mpya zaidi ya kubana video), na baadhi ya vivinjari haviichezi: unasikia sauti, picha nyeusi. `faststart` inahamishia kielezo cha faili mwanzoni ili video ianze kabla haijashuka yote.

Kuhusu bando: usipakue B1 na B2 mapema kwa pamoja, moja itapotea bure. Subiri mtu abofye. Atangoja sekunde moja au mbili, si mbaya kuliko kumlia MB 5.

Kibatari
Shukrani sana. Klipu zangu zina sekunde 18 mpaka 40, na zote nimerekodi wima.

Nyuzi47
Basi sababu ndiyo hiyo. Za chini ya 25 zinakataliwa kwa urefu. Zilizobaki zinahesabiwa kuwa Shorts (video fupi za YouTube), maana tangu 15 Oktoba 2024 video ya wima isiyozidi dakika 3 inaingia huko, na Shorts haina skrini ya mwisho. Usirekodi upya. Fungua mradi wa 16:9 (wa mlalo) kwenye programu yako ya kuhariri, klipu ya wima ikae katikati, nakala yake iliyotiwa ukungu ijaze pembeni. Fupi ziongezee ile sehemu ya kusubiri.

Ila fahamu YouTube hairuhusu kubadilisha faili kwenye kiungo kilekile. Ukipakia C upya, skrini za mwisho za B1 na B2, na kile kitufe cha kurudi cha D1, vyote unavifungua na kubandika kiungo kipya. Maliza kuhariri zote 9 kwanza.