Betri mbili za maji au lithiamu moja? Nipo Bwera, Kasese

MwanaBwera: Habari za humu wadau. Sola yangu niliifunga 2021. Betri za kwanza zilikaa karibu miaka mitatu. Za pili hazijamaliza hata mwaka na nusu, zimekufa. Jana saa tatu usiku inveta imelia, nyumba nzima giza, na watoto wana mitihani wiki hii. Nina hela ya betri mbili za maji za ampia 100, au nikijikamua, lithiamu moja ya ampia 100. Muuzaji anasifu lithiamu, fundi wangu anasema nibaki na za maji. Nichukue ipi? Nataka kununua kabla ya Jumamosi.

FunditaaMubende: Ndugu, hujatuambia kitu. Paneli ngapi, za wati ngapi? Kontrola, kile kidude kinachoongoza chaji kutoka paneli hadi betri, ni PWM ya kawaida au MPPT inayovuna zaidi? Unawasha nini na nini? Usitoe hela kabla hujajibu hayo.

MwanaBwera: Samahani. Paneli mbili za wati 150. Kontrola ni ile ndogo ya buluu, imeandikwa PWM. Inveta ya wati 1000. Taa sita, televisheni, redio, na simu za wateja ninazochaji dukani.

JuaGulu: Lithiamu, tena bila kuwaza. Betri ya maji ukiishusha chini ya nusu kila siku unaifupisha maisha, kwa hiyo hizo mbili zako za jumla ampia 200 unatumia 100 tu. Lithiamu moja unaishusha hadi ibaki asilimia 10 au 20 na haiumii. Yaani moja inakaribia kufanya kazi ya mbili. Mimi naingia mwaka wa tano.

MamaBombo: Mwanangu, usikimbizwe. Mimi betri zangu za maji zina miaka sita. Kila mwanzo wa mwezi nafungua vifuniko, naangalia kama bamba zimezama, naongeza maji ya betri, nafuta ule unga wa kijani kwenye vichwa kwa maji ya moto na magadi. Usiku nikiona volti 12.2 nazima televisheni, hata kama taarifa ya habari haijaisha. Na siku zikifa, nauza chuma chakavu na kupata hela ya kuanzia. Hiyo lithiamu ikiharibika ile saketi ya ndani inayoilinda, nani ataitengeneza Bwera?

FunditaaMubende: Mama umesema kweli. Lakini MwanaBwera, narudi kwako. Taa, televisheni na simu haziui betri mbili kwa mwaka na nusu. Hapo dukani kuna soda baridi?

MwanaBwera: Zipo. Friji ndogo ya mtumba niliiongeza mwaka jana. Sikuitaja kwa sababu usiku huwa naizima.

FunditaaMubende: Basi tumempata mwenyewe. Paneli za wati 300 kwa saa tano za jua zuri ni wati-saa 1500 za kwenye karatasi. Toa joto, vumbi, waya na hiyo PWM, utavuna kama 1000. Friji ya mtumba inaweza kula zaidi ya nusu ya hizo mchana peke yake. Inveta nayo ikiwa imewashwa tu bila kazi inakula wati 10 hadi 15, usiku na mchana. Tena asubuhi ukiwasha friji inaanza kupoza soda zilizokwisha pata joto, saa ile ile betri nayo inataka kushiba. Betri za maji zisiposhiba wiki kwa wiki, bamba zinashika salfa, ikiganda haitoki. Ukiweka lithiamu, haitakufa haraka, ila utalala gizani vile vile. Tatizo lako liko juu ya bati.

JuaGulu: Aongeze paneli NA lithiamu.

DerevaJinja: Ngojeni kwanza nimweleze huyu ndugu yaliyonikuta, maana lithiamu feki zimejaa. Mwaka juzi nilinunua moja Kampala, mjini kabisa, kibandiko kinang'aa, ampia 100, dhamana miaka mitano. Wiki ya kwanza safi. Wiki ya tatu inazima saa nne usiku. Nikarudi, wakaniambia paneli zangu mbovu. Nikanunua paneli. Ikaendelea kuzima. Mwishoni nikaichaji mpaka ikashiba, nikafunga taa ya gari ya wati 55 moja kwa moja kwenye betri, nikakaa na saa. Ampia 100 ya kweli ingewasha taa ile saa 20 na zaidi. Yangu ilizima baada ya saa nane. Nikakata boksi kwa msumeno: seli ndogo ndogo zimepangwa upande mmoja, upande wa pili mfuko wa mchanga umebanwa kwa sponji. Mchanga! Nimeusafirisha kutoka Kampala hadi Jinja nikiupakata ndani ya teksi. Dhamana? Duka lilikuwa limehama. Ilikuwa hela ya karo, na mke wangu hajui mpaka leo ilikwenda wapi. Ndugu, fanya jaribio la taa ukiwa bado kwa muuzaji, hata kama utashinda hapo kutwa.

MamaBombo: Pole sana mwanangu.

KijanaBusia: Maji ya mvua si yanafaa kuliko kununua ya betri? Baba anatumia.

MamaBombo: Ya bati hapana, yana kutu na vumbi. Nunua yaliyochujwa kwa mvuke, chupa moja inakaa muda mrefu. Na usiongeze asidi hata siku moja, maji tu.

JuaGulu: MwanaBwera, paneli zimelala au zimeinama? Huko mko karibu na ikweta, watu wengi wanazilaza kabisa, vumbi la murami linaganda. Ziinamishe hata nyuzi 10 mvua izioshe.

MwanaBwera: Zimeinama kidogo. Ila kuanzia saa tisa mfenesi unazifunika. Ulikuwa mdogo 2021.

FunditaaMubende: Na hilo ndiyo unalisema sasa! Kivuli kwenye kona moja tu ya paneli kinaangusha sehemu kubwa ya mavuno. Kata matawi, au hamisha paneli.

MwanaBwera: Mfenesi aliupanda marehemu baba. Kaka yangu hataki uguswe. Paneli nitajaribu kuzipeleka bati la jikoni, lakini hapo moshi.

DerevaJinja: Moshi unafutika kwa kitambaa. Kivuli hakifutiki.

JuaGulu: Na ukichukua lithiamu, hakikisha kontrola ina mpangilio wake. PWM nyingi za zamani zinapandisha volti kila baada ya muda kuchemsha betri za maji. Lithiamu haitaki hivyo, saketi yake itakata.

KijanaBusia: Kwani nguzo za umeme hazijafika huko? Ungengoja.

MwanaBwera: Nguzo imesimama mbele ya duka tangu mwaka jana. Haina waya, mbuzi ndio wanafungwa hapo. Kesho asubuhi nitapima volti kabla jua halijatoka, nilete hapa. Friji nimeizima kwa leo. Soda nimeziweka kwenye beseni la maji.

KijanaBusia: Wakuu, na mimi inveta yangu inalia nikiwasha pasi tu, betri ni mpya, ampia 75. Shida ni nini?

FunditaaMubende: Inveta ya wati ngapi, na pasi ya wati ngapi?