Msaada wakuu: mafuta ya moyo yamefika milimita 8, nianze na skani au damu?

Mleta uzi: Wakuu, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha mafuta juu ya msuli wa moyo yana unene wa mm 8. Kiuno sm 108, presha 142/91, sukari ya kufunga 6.3, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 5.1, HDL (kolesteroli nzuri) 0.9, LDL (kolesteroli mbaya) 3.0, CRP (kiashiria cha uvimbe au maambukizi mwilini) 12. Nataka sitii skani ya moyo (picha za eksirei za vipande) na kipimo cha damu cha adiponektini (homoni ya seli za mafuta). Nianze na kipi? Usingizi sipati.

Darubini: Mm 8 zilipimwa wakati gani? Hupimwa mbele ya ventrikali ya kulia (chumba cha chini cha moyo), mwisho wa moyo kujikaza. Moyo ukilegea na kujaa damu, mafuta hubanwa na namba hushuka. Halafu tabaka ni mbili. La ndani limegusana na msuli bila utando katikati, tena linalishwa na mishipa ileile ya koronari (inayolisha moyo), ndiyo maana saitokini zake (kemikali za kuchochea uvimbe) hufika kwenye msuli bila kizuizi. La nje ya mfuko wa moyo ni jambo jingine. Mpimaji akiyajumlisha, namba inapaa bure.

Sindano: Vigezo vya sindromu ya metaboli (mkusanyiko wa hatari za moyo na kisukari) ni vitano: kiuno, presha, sukari, trigliseridi na HDL. Vitatu vinatosha, wewe unavyo vyote. Adiponektini itakuja chini, halafu? Hakuna dozi itakayobadilika. Mimi naogopa hiyo CRP: ikipita 10, tafuta maambukizi kwanza. Una homa? Unatumia dawa gani?

Mleta uzi: Homa sina. Jino tu, limetunga usaha. Dawa... statini (ya kushusha kolesteroli) niliacha wiki 6 zilizopita. Sukari ilipanda, na karatasi ya dawa inasema inapandisha. Kosa langu liko wapi?

Sindano: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Inapandisha kidogo tu, hasa kwa aliye karibu na mpaka wa kisukari, na kinga ya mishipa inazidi hasara hiyo. Aliyekuandikia anajua umeacha?

Nyayo: Mnahangaika na mashine wakati kiuno kiko palepale. Uzito ukishuka, mafuta haya nayo hupungua. Tembeeni jamani.

Kalamu Nyekundu: Kisa kimetungwa hiki. Trigliseridi 5.1, LDL imetoka wapi? Fomula ya Friedewald (ya kukadiria LDL) haifai zikizidi 4.5, maabara huacha wazi au hupima LDL yenyewe.

Mleta uzi: Sijatunga. Kwenye karatasi, mahali pa LDL pana kistari. Nimekokotoa mwenyewe: kolesteroli yote 6.2 toa HDL 0.9, kisha toa trigliseridi 5.1 zilizogawanywa kwa 2.2.

Kalamu Nyekundu: Basi naondoa neno langu, samahani. Ila futa hiyo 3.0. Chukua kolesteroli yote utoe HDL: 6.2 − 0.9 = 5.3. Hesabu hii haiguswi na trigliseridi, na 5.3 iko juu. Jino likipona kabisa, subiri wiki 2 kisha upime CRP ya unyeti mkubwa (inayosoma viwango vidogo). Chini ya 1 ni nafuu, juu ya 3 ni hatari.

Mleta uzi: Skani nimeshaiwekea miadi Alhamisi, siifuti. Daktari nampigia leo kuhusu statini. Jino kesho asubuhi.