Wakuu, dawa ya vile vidudu visivyokufa kwa mionzi inafanya kazi kweli?

Njiapanda
Habari za mchana wakuu, kuna vidudu vinaitwa tardigredi, au dubu wa maji, vingi havifiki hata milimita moja, nimesoma vinahimili mionzi mpaka grei 5,000 wakati mtu grei 5 tu zinatosha kumzika. Sasa mtu akinywa dawa iliyotokana navyo na yeye atahimili? Naombeni msaada.

Fundi Antena
Mende wangu wa jikoni wamemaliza dawa zote za dukani. Waje wachunguzwe hao.

Kesho Tena
Mkuu siri yao sio juisi. 2016 Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitangaza protini inaitwa Dsup, inaivalia DNA kama koti, wakapandikiza jeni yake kwenye seli za binadamu maabara, madhara ya eksrei yakapungua kama asilimia 40. Ndani ya seli lakini! Ukiinywa tumbo linaisaga kama maharage. Kwani mionzi unakutana nayo wapi?

Njiapanda
Sio mimi, ni mama. Jumatatu anaanza kupigwa mionzi, shingo ya kizazi. Kuna jamaa anauza chupa laki tatu na nusu, nimetanguliza nusu tu, na anaongea kisomi sio wale wa stendi.

Mama Pili
Pole mwanangu. Dada yangu alipigwa mionzi, alichoka mpaka kula hataki, tukawa tunambembeleza na uji wa ulezi, yaani mimi nilikonda kuliko mgonjwa. Muombeeni.

Kesho Tena
Hiyo mionzi imetumwa kuua uvimbe. Tuseme dawa inafanya kazi, si utakuwa umeukinga na uvimbe? Muulize daktari wake kwanza.

Njiapanda
Nilimuuliza muuzaji hilohilo, akasema vidudu vina akili, vinachagua.

Bwana Shamba
Chai hii, haina hata sukari. Muuzaji ndiye wewe, unasubiri tuulize namba.

Fundi Antena
Nitumie inbox mkuu, mende mmoja anakohoa.

Mama Pili
Acheni utani, kama kweli je?

Njiapanda
Siwezi kuweka kadi ya mama hapa ili mniamini. Haya, hela nimeshalipa yote. Daktari nitamwambiaje na chupa mama keshaifungua tangu jana?